Theluji Haipakwi Rangi: Kuchonga na Kuchapa Msitu wa Kaskazini kwa Mtindo wa Beidahuang

Ukitazama picha ya theluji iliyochapwa kwa ubao, theluji yenyewe haikuchapwa. Ni karatasi tupu. Mchongaji aliuondoa uso wa ubao mahali hapo kabla hajafungua kopo la wino, na tangu hapo hakuna rangi iliyopafikia. Wengi wanaojifunza kuchapa mandhari ya kaskazini mwa Uchina huanza kwa kuwaza rangi: buluu ya jioni, nyeusi ya udongo, wekundu wa mtama ulioiva. Waanze kwingine. Waanze kwa kuamua ni kipi hakitachapwa kabisa.

Mandhari hayo yako mkoa wa Heilongjiang, mpakani na Urusi, kwenye bonde la mito Heilong, Songhua na Wusuli. Udongo wake ni mweusi kama makaa, na baridi yake ni kali: tarehe 22 Januari 2023 mji wa Mohe ulipima nyuzi 53 chini ya sifuri. Wachina waliiita nchi hiyo Beidahuang, yaani nyika kuu ya kaskazini. Mwaka 1958 wanajeshi wapatao 100,000 walioachishwa jeshi walipelekwa huko kufyeka na kulima. Mmoja wao alikuwa Chao Mei, mzaliwa wa Shandong wa mwaka 1931. Yeye na wenzake, wakiwemo Zhang Zuoliang na Zhang Zhenqi, walianza kuchonga kwenye mbao kile walichokiona mbele yao, na baadaye Hao Boyi akawafundisha kazi hiyo vijana wengi wa mashambani. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtindo wa uchapaji unaoitwa kwa jina la nyika hiyo.

Uchina imechapa kwa ubao kwa muda mrefu sana. Sutra ya Almasi, maandiko ya dini ya Kibudha yaliyokutwa Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, ina tarehe ya mwaka 868. Lakini zamani mmoja alichora, wa pili akachonga, wa tatu akachapa. Kazi ya mtu mmoja kufanya yote matatu ilipata nguvu baada ya mwandishi Lu Xun kuandaa mafunzo mafupi Shanghai, Agosti 1931. Watu wa Beidahuang ni watoto wa njia hiyo, ila wao waliegemea wino wa mafuta badala ya rangi za maji, wakapanga rangi juu ya rangi mpaka uso wa picha ukawa mzito. Nadhani walichagua sawasawa. Rangi ya maji hunywewa na karatasi na kutoa ukungu mzuri wa kusini, lakini udongo mweusi wa Heilongjiang unahitaji kitu kinachokaa juu ya karatasi.

Tutachapa picha moja: msitu wa mbetula wakati wa jioni, theluji chini, vichaka vikavu katikati, anga lenye mwanga wa mwisho. Mbetula ni mti mwembamba wenye gome jeupe lililochanjwa alama nyeusi za mlalo. Nimeuchagua kwa makusudi, kwa kuwa ukiuweza mti huu, mengine yote ya kaskazini utayaweza. Tutatumia ubao mmoja na rangi nne. Wasanii wa Beidahuang walitumia pia mbao kadhaa, kila rangi na ubao wake. Njia ya ubao mmoja, ambapo unachonga, unachapa, kisha unachonga tena ubao ule ule, Wachina huiita jueban, na wasanii wa Yunnan, mkoa wa kusini-magharibi, waliikuza sana kuanzia miaka ya 1980. Naipendelea kwa anayeanza. Inaokoa mbao, tena inamfundisha mtu kufikiri kabla ya kukata.

Vifaa

Ubao kwanza. Uchina hutumia sana plaiwudi ya mti unaoitwa duan, ambao hukua katika misitu hiyo hiyo ya kaskazini-mashariki. Mbao zake ni laini na nyuzi zake zimeshikana. Mahali ulipo, tafuta plaiwudi ya milimita 5 hadi 9 yenye uso mweupe usio na mafundo. Bonyeza kwa ukucha. Ikibaki alama ndogo bila uso kuchanika, inafaa. Plaiwudi nyekundu ngumu za kujengea huvunjika vipande kwenye kona za mchongo, usizichukue hata kama ni za bure. Mwombe seremala akukatie kipande cha sentimita 30 kwa 40, kona zote ziwe mraba kamili, kisha uisugue kwa msasa laini kufuata nyuzi.

Zana za kuchonga ni nne tu: kisu chembamba chenye makali ya mshazari, patasi ya umbo la V, bobari ndogo ya milimita 3, na bobari pana ya milimita 8 au 10. Bobari ni ile patasi yenye makali ya mviringo, mafundi wa milango na vitanda wa pwani wanaijua vizuri. Nunua kinoo pamoja nazo. Zana kali hutoa unyoya wa mbao unaojikunja mbele ya makali, zana butu huparua na kubomoa ukingo. Ukiona unaanza kutumia nguvu za bega, simama unoe.

Wino uwe wa mafuta. Ule wa makopo unaotumika kwenye viwanda vya uchapaji wa vitabu na kalenda unafaa kabisa, na mara nyingi utauziwa kwa kipimo kidogo ukiomba. Chukua mweupe, mweusi, wa buluu, mwekundu na wa njano, na kama upo, ule usio na rangi unaotumika kuzifanya rangi nyingine ziangaze. Utahitaji rola ya mpira yenye upana wa sentimita 10 au zaidi na nyingine ndogo, kipande cha kioo cha kusambazia wino, kisu butu kipana cha kuchanganyia, na chupa ndogo ya mafuta ya kitani.

Karatasi iwe na nguvu lakini isiwe nene, kwa sababu tutachapa kwa mkono. Uzito wa gramu 80 hadi 150 kwa mita ya mraba unatosha. Iwe kubwa kuliko ubao, tuseme sentimita 40 kwa 50, na iwe nyeupe kwa namna unayotaka theluji yako iwe. Nyeupe ya samawati kidogo itakupa asubuhi ya baridi, nyeupe ya maziwa itakupa jioni. Chagua karatasi kama unavyochagua rangi.

Mwisho ni kitu cha kusugulia. Wachina wana kifaa cha mbao chenye umbo la uyoga, kinachoshikwa kwa shina na kusugua kwa kofia yake. Mgongo wa mwiko mzuri wa mbao, uliolainishwa kwa msasa mpaka ung'ae, hufanya kazi ile ile.

Mchoro na kuugeuza

Chora kwa penseli kwenye karatasi ya ukubwa wa ubao. Usichore matawi yote. Chora maumbo matatu makubwa kwanza: theluji, ukanda wa msitu wa mbali, na anga. Kisha simamisha vigogo sita au saba, visilingane unene wala nafasi, na kimoja au viwili vikatwe na ukingo wa juu wa picha ili macho yahisi urefu. Katikati weka vichaka vya mwaloni wa huko. Mti huo hushikilia majani yake makavu ya rangi ya kutu msimu mzima wa baridi, na ndio utakaotupa rangi ya joto katikati ya ubaridi wote.

Picha itatoka kinyume, kushoto kuwa kulia. Geuza mchoro wako kwenye kioo cha dirisha, fuatisha mistari kwa nyuma, halafu uhamishe kwa karatasi ya kaboni. Paka mistari juu ya ubao kwa kalamu isiyofutika, na uipake ubao mzima rangi nyepesi sana ya wino wa kuandikia, si ule wa mafuta, uliochanganywa na maji. Ukichonga, sehemu iliyokatwa itaonekana nyeupe na iliyobaki itakuwa na rangi, hivyo unaona picha ikizaliwa.

Mkato wa kwanza

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa.

Mkato wa kwanza huondoa kila kitakachobaki karatasi: theluji inayopata mwanga na upande wa mwanga wa kila kigogo. Linaonekana jambo rahisi. Unachukua bobari, unaondoa kigogo chote kutoka juu hadi chini, kinang'aa. Kisha siku ya rangi ya mwisho unakumbuka kwamba gome la mbetula lina alama nyeusi, na alama hizo zilipaswa kuwa juu ya kigogo ulichokwisha kukiondoa. Nyeusi itashika wapi? Hakuna mbao tena. Nilipoteza ubao mzima kwa kosa hili, baada ya siku tatu za kazi, na tangu hapo sianzi kuchonga kabla ya kuuliza kila kipande cheupe: je, kuna kitu cheusi kitakachokaa ndani yako?

Kwa hiyo alama za gome zibakizwe tangu mwanzo. Kwa kisu, zungushia kila alama mkato mwembamba unaoegemea nje, ili alama ibaki imesimama juu ya msingi mpana kama kilima kidogo. Ukikata kuelekea ndani, chini yake patakuwa pembamba na rola itaing'oa. Baada ya kisu, ondoa mbao inayozunguka kwa bobari ndogo. Alama hizi zitapokea rangi ya kwanza na ya pili, kisha nyeusi itazifunika zote. Ndiyo maana kwenye picha nzuri za aina hii, nyeusi ya gome ina uzito ambao nyeusi iliyochapwa mara moja haina.

Vitawi vyembamba vinavyopita mbele ya theluji vina sheria hiyo hiyo: vibakize kama matuta tangu mkato wa kwanza. Nyayo au reli za mkokoteni wa thelujini zina kivuli, kwa hiyo nazo zibakizwe.

Chonga kwa kwenda na nyuzi kadiri unavyoweza. Ukilazimika kuzikata kwa mlalo, pitisha kisu kwanza, ndipo bobari ifuate hadi kwenye mkato huo na kusimama. Mkono usioshika zana ukae nyuma ya makali daima. Kina cha milimita 2 kinatosha kwenye sehemu ndogo. Kwenye theluji pana ongeza kina, maana rola huzama katikati ya uwanja mpana na kuacha madoa. Madoa machache yakibaki, yenye mwelekeo wa bobari, yaache. Yanaonekana kama upepo umepita juu ya theluji, na mimi huyapenda kuliko weupe uliosafishwa kabisa.

Kona ya kuegemeza

Umeona kanga ambayo ua lake jekundu limetoka nje ya mstari mweusi. Hilo ndilo tunaloliepuka, na kwa karatasi tiba yake ni kona.

Kwenye ubao mpana wa msingi, gundisha vipande viwili vya mbao vyenye unene sawa na ubao wa picha, vifanye pembe ya mraba. Ubao wa picha utasukumwa kwenye pembe hiyo kila mara. Juu ya vipande hivyo gundisha kona nyingine ndogo ya kadibodi ngumu, sentimita 5 nje ya ubao, ambayo kona ya karatasi itaingia. Kila karatasi iwekwe alama ndogo ya penseli nyuma ya kona inayoegemea, na kona hiyo hiyo itumike kwa rangi zote nne. Ukibadilisha kona hata mara moja, karatasi hiyo imeharibika, kwa kuwa ni nadra karatasi kukatwa mraba kamili.

Sasa hesabu karatasi. Ukitaka nakala 10 nzuri, anza na 14. Baada ya mkato wa pili hutaweza kurudi kuchapa rangi ya kwanza.

Rangi ya kwanza

Rangi ya kwanza ndiyo nyepesi kuliko zote, na hapa ni mbili zinazoyeyukiana. Changanya waridi-njano hafifu kwa ajili ya anga: mweupe mwingi, tone la njano, ncha ya kisu ya nyekundu. Pembeni changanya buluu ya barafu kwa ajili ya vivuli vya theluji: mweupe, buluu kidogo, na nyeusi kiasi cha punje ya mchele. Ongeza wino usio na rangi katika zote mbili ili ziangaze.

Kwa nini mbili? Ukipaka waridi-njano ubao mzima, kila kivuli cha theluji kitakuwa na njano chini yake, na buluu itakayofuata itageuka kijani. Theluji ya kijani inaonekana mgonjwa. Kwa hiyo paka anga kwa rola moja, paka chini kwa rola nyingine, na mahali zinapokutana pitisha rola kwa mlalo mara kadhaa mpaka mstari upotee. Ukutano huo uufiche nyuma ya msitu wa mbali.

Wino ukisambazwa vizuri kwenye kioo hutoa mlio mwembamba wa kuendelea, kama mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni. Ukiwa mzito mno, rola hunata na mlio unakuwa wa kupasuka, ongeza matone mawili ya mafuta ya kitani. Ukiwa laini mno, hakuna mlio na wino unatiririka kwenye michongo midogo. Paka tabaka jembamba, mara nyingi, kwa pande tofauti.

Egemeza karatasi kwenye kona yake, ilaze taratibu bila kuiburuta. Weka juu yake karatasi nyembamba inayoteleza, kisha sugua kwa mwiko ukianzia katikati kwa miduara midogo hadi pembeni. Shika karatasi kwa kiganja upande mmoja, inua kona ya upande wa pili utazame. Palipo hafifu, irudishe chini usugue tena. Tundika nakala kwa vibanio kwenye kamba.

Kukauka

Siku 2 hadi 4 kwa kawaida, zaidi kama unaishi pwani penye unyevu. Gusa kwa mgongo wa kidole: wino uwe haushiki, lakini usiwe umekuwa mgumu wa kung'aa. Ukiacha wiki kadhaa, uso hujifunga na rangi ijayo huteleza juu yake na kutoa vitone.

Safisha ubao kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha uukaushe kabisa. Usiuloweshe, plaiwudi itaachana. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, kwa sababu mafuta hayo hupata joto yakikauka na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje mpaka vikauke.

Rangi ya pili na ya tatu

Sasa ondoa anga lililo wazi na vivuli vyepesi vya theluji, yaani kila kitakachobaki na rangi ya kwanza. Changanya kijivu-buluu cha wastani. Hiki ndicho msitu wa mbali, upande wa kivuli wa vigogo, na mabonde ya theluji. Kiwe chepesi, lakini usikipime kwa macho juu ya kioo. Kioo kinadanganya, rangi kwenye kioo inaonekana nyeusi zaidi kuliko kwenye karatasi nyembamba. Jaribu kwanza kwenye karatasi mojawapo ya zile nne za ziada.

Mpaka wa msitu wa mbali usiuchonge kama ukuta. Tumia patasi ya V kupiga mikwaruzo mifupi inayopanda juu, ili vilele viyeyuke kwenye anga.

Kwa rangi ya tatu, ondoa yote yatakayobaki kijivu-buluu. Changanya kutu: nyekundu, njano, nyeusi kidogo. Paka kwa rola ndogo kwenye vichaka vya mwaloni peke yake, na pengine nyasi kavu zinazochomoza kwenye theluji. Hakuna haja ya kuipaka juu ya alama za gome wala vitawi. Usiongeze eneo la rangi hii kwa sababu tu ni nzuri. Ikishika sehemu kubwa ya picha, baridi yote inaondoka.

Nyeusi

Mkato wa mwisho ni mdogo. Ondoa kutu inayobaki, na sehemu yoyote ya msitu isiyohitaji nyeusi. Kinachosalia ni alama za gome, vitawi, mizizi ya vichaka, kivuli kizito cha vigogo vya mbele na ukanda mwembamba wa udongo mweusi pale theluji ilipopasuka.

Nyeusi ya kopo ni baridi na bapa. Ongeza ndani yake nyekundu na buluu kidogo mpaka ipate kina. Paka nzito kuliko rangi nyingine, na usugue kwa nguvu zaidi, mahali kwa mahali, ukifuata alama moja moja kwa ncha ya mwiko. Kama tabaka za chini zinang'aa na nyeusi inakataa kushika, subiri siku moja, paka tena ubao na urudie kwenye kona ile ile. Kona ikiwa imara, marudio hayaonekani.

Sahihi na kutunza

Picha zikikauka wiki moja au mbili, andika chini ya picha kwa penseli: namba ya nakala, jina la picha, jina lako na mwaka. Nakala ya tatu kati ya kumi huandikwa 3/10. Kwa ubao wa jueban namba hiyo ni ya kweli kabisa, kwa kuwa ubao wa rangi ya kwanza haupo tena.

Zihifadhi bapa, karatasi laini katikati ya kila mbili. Ukitundika ukutani, tafuta ukuta usiopigwa na jua. Wino mweusi utavumilia, lakini karatasi itageuka njano, na theluji yako ni karatasi.